Sauti, Morse au FT8: kuvifikia visiwa vya mbali kwa redio ya ridhaa kutoka Kigoma

Kwa mtu wa Kigoma au Tabora mwenye leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, kuzungumza na Italia au Urusi si jambo la kuhangaisha. Stesheni za Tanzania, ambazo ishara yao ya wito (herufi za kujitambulisha hewani) huanza na 5H, ni chache hewani, na ukiita jioni moja kwenye masafa ya mita 20 (mita hizo ni urefu wa wimbi) watakujibu wengi kuliko unavyoweza kuwahudumia. Kazi huanza pale unapokitaka kisiwa ambacho hakina mkazi hata mmoja, ambacho redio yake ya mwisho ilizimwa miaka mingi iliyopita, na ambacho kitakapofunguliwa tena kitakuwa hewani kwa wiki mbili tu huku dunia nzima ikikiita kwa wakati mmoja. Orodha ya nchi na maeneo ambayo wapenzi wa redio hizi huyahesabu ina maeneo 340, na yale yanayombakia mtu mwishoni, akisha kuyapata mengine yote, kwa sehemu kubwa ni visiwa vya namna hiyo.

Mpwa wangu aliyeko Tabora, ambaye leseni yake haijatimiza mwaka, aliniandikia hivi: "Shikamoo mjomba. Redio ya wati 100 ninayo, na akiba ndogo ninayo. Niitumie kwenye kipaza sauti kizuri, kwenye ufunguo wa Morse, au kwenye kompyuta ya kufanyia FT8?" Jibu langu kwake, ambalo naona litawafaa na wengine, ni kwamba ajifunze Morse kwanza, FT8, yaani maandishi mafupi ambayo kompyuta huyatuma na kuyasoma kupitia redio, aiweke iwe mkono wa pili, sauti aitegemee kwa visiwa vya karibu tu, na fedha yenyewe aipeleke kwenye waya wa antena na kamba ya kuupandishia. Jibu hilo halisimami, hata hivyo, bila kuvitazama visiwa vyenyewe, kwa sababu kila kimoja kina ugumu wake.

Kisiwa gani unakitaka?

Vya karibu ni visiwa vidogo vilivyo chini ya Ufaransa kuizunguka Madagaska. Juan de Nova, kilichomo katika Mlango wa Msumbiji, kiko takribani kilomita 2,000 kutoka Kigoma, na Tromelin, upande wa mashariki wa Madagaska, takribani kilomita 3,000. Umbali huo wimbi la mita 20 huuvuka kwa mruko mmoja: linapanda hadi kwenye ayonosfia, tabaka la juu la anga, linapindishwa, linashuka kisiwani. Wati 100 na waya wa kawaida vinatosha, na hata sauti ya mtu husikika vizuri. Ugumu wake uko kwenye ruhusa, kwa kuwa hakuna raia wanaoishi huko, kushuka ni kwa kibali maalumu, na vibali ni adimu. Juan de Nova kilifunguliwa Machi na Aprili 2016 kwa ishara ya FT4JA, na Tromelin mwaka 2014 kwa ishara ya FT4TA. Aliyekuwa hajaanza redio miaka hiyo hana la kufanya isipokuwa kungoja safari nyingine na kuwa tayari itakapokuja.

Mimi Tromelin nakitamani kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1761 meli ya Kifaransa iliyokuwa imebeba watumwa kutoka Madagaska ilivunjika hapo. Mabaharia walijiundia chombo kwa mabaki ya mbao wakaondoka, wakawaacha makumi ya Wamalagasi kwenye kipande cha mchanga chenye ukubwa wa takribani kilomita moja ya mraba, kwa ahadi ya kuwarudia. Waliorudiwa, mwaka 1776, walikuwa wanawake saba na mtoto mmoja mchanga. Mtu anayekaa maili chache kutoka Ujiji, ambako misafara ya watumwa ilipita, hawezi kuisikia habari hiyo kama ya watu wa mbali.

Cha pili ni Bouvet, kisiwa cha Norwe kilichoko kwenye bahari ya kusini, nyuzi 54 kusini ya ikweta, ambacho sehemu kubwa sana ya ardhi yake imefunikwa na barafu. Kutoka Kigoma ni kama kilomita 6,000, na uelekeo wake ni karibu sawa na wa Kalemie: ukisimama Kigoma ukatazama ng'ambo ya ziwa upande wa Kalemie, Bouvet kiko mbele yako, mbali sana nyuma ya milima ya Kongo. Kwa mawimbi hiyo ni miruko miwili, si mingi. Waliotaka kwenda huko ndio walioteseka. Mwaka 2018 msafara mmoja ulifika hadi kukiona kisiwa, hali ya hewa ikawazuia kushuka, injini ya meli ikapata hitilafu, wakageuza bila kufanya wito hata mmoja. Msafara wa Februari 2023, wenye ishara ya 3Y0J, ulifanikiwa kushuka, lakini bahari iliwalazimisha kupunguza vifaa walivyokusudia kuvipeleka, na wakafanya mawasiliano zaidi ya 18,000. Idadi hiyo ni ndogo kwa kisiwa kinachotakiwa na dunia nzima, na ilikuwa hivyo kwa sababu ishara yao ilitoka kwenye antena za chini na mitambo michache. Ugumu wa Bouvet kwa aliye Kigoma, basi, ni udhaifu wa ishara ya upande wa pili pamoja na wingi wa wanaoiita.

Cha tatu ni Kiritimati, katika jamhuri ya Kiribati, nacho nakipenda kuliko vyote kwa hesabu zake. Ukitoboa ardhi kutoka Kigoma ukapita katikati ya dunia, utatokea kwenye Bahari ya Pasifiki, kama kilomita 850 mashariki ya Kiritimati. Maana yake ni kwamba kisiwa hicho kiko takribani kilomita 19,100 kwa njia fupi na kilomita 20,900 kwa njia ndefu, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba wimbi linaweza kufika kwa kupitia upande wowote wa dunia ulio wazi saa hiyo. Kiritimati kina watu, kina ndege za abiria, na misafara huenda. Ule wa mwaka 2011, wenye ishara ya T32C, ulifanya mawasiliano zaidi ya 213,000. Kufika huko si tatizo. Tatizo ni miruko mitano au zaidi, ambayo kila mmoja unakula sehemu ya nguvu yako, na dirisha la muda ambalo halizidi sana nusu saa.

Sauti, Morse, FT8

Sauti ina sifa moja ambayo nyingine hazina: hujifunzi kitu kipya. Unabonyeza, unasema, unajibiwa. Lakini sauti inatawanya wati zako 100 kwenye upana wa kilohezi mbili na nusu hivi, wakati Morse inazikusanya kwenye upana wa hezi mia moja au mia na kitu, na FT8 kwenye hezi 50. Sikio lililozoea Morse linaitoa ishara ambayo, kama ingekuwa maneno, usingejua kuwa kuna mtu anayesema. Katika mrundikano wa waitaji, ambapo mtu wa kisiwani anatuma kwenye masafa yake na kusikiliza kilohezi tano au kumi juu yake, mwenye sauti wa wati 100 anashindana na watu wa Ulaya na Japani wenye minara na wati 1,000. Kwa Juan de Nova ushindani huo tunauweza, kwa kuwa tuko karibu na ishara yetu inafika ikiwa nzima. Kwa Bouvet nimeshuhudia watu wakiita kwa sauti usiku kucha bila kuambulia kitu.

Hapa nitaje faida tuliyo nayo na ambayo wengi hawaijui. Ulaya na Marekani huzipata njia za kusini kwa saa zinazofanana, wakagombana wao kwa wao. Sisi tuna saa zetu, ambapo kwao masafa yamefungwa na kwetu yako wazi. Mpokezi mzoefu aliyeko kisiwani akisikia "5H" huacha wengine amsikilize huyo, kwa kuwa hata kwake Tanzania si ya kila siku. Faida hiyo inakuwapo katika namna zote tatu, ila kwenye Morse ndiko inakofanya kazi vizuri zaidi, maana herufi mbili za mwanzo zikipenya tu, mtu anakuita: "5H?" na wengine wananyamaza.

FT8 ilitoka mwaka 2017, ikaandikwa na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, pamoja na Steve Franke. Kwa uwezo wa kuchimba ishara dhaifu haina mshindani: inasoma ishara iliyozama desibeli 20, yaani mara mia, chini ya makelele, jambo ambalo sikio la binadamu haliwezi. Ujumbe ni mfupi mno: ishara yako, ya mwenzako, kiwango cha usikivu, na herufi za eneo, ambazo kwa Kigoma ni KI45. Kila zamu ni sekunde 15, na saa ya kompyuta yako ikikosea kwa zaidi ya sekunde moja au mbili, husomi kitu na husomwi.

Hapo ndipo iliponiumiza. Siku ya tatu ya msafara wa Bouvet wa 2023 umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mtandao ulikuwa haupatikani. Niliwasha kompyuta kwa betri, nikafungua programu, nikaona kwenye kioo michirizi mingi imejipanga wima, myeupe, mmoja wao bila shaka ni wao, na upande wa maandishi pakabaki patupu. Nilibadilisha waya, nikapunguza na kuongeza mpokeo, nikazima na kuwasha upya. Baada ya saa nzima ndipo nilipolinganisha saa ya kompyuta na ya simu iliyokuwa imepata setilaiti za GPS: tofauti ilikuwa sekunde tatu. Niliirekebisha kwa mkono, nikihesabu kwa sauti, na zamu iliyofuata maandishi yakajaa. Kwa hiyo anayeichagua FT8 katika mikoa yetu asinunue kompyuta tu. Atafute na kipokezi kidogo cha GPS cha kuchomeka, kitakachoshika saa hata mtandao ukiwa haupo.

Kuna na suala la betri. Redio ya wati 100 inavuta karibu ampea 20 inaporusha, na FT8 inarusha mfululizo kwa karibu sekunde 13 katika zamu yake ya 15, inasikiliza zamu moja, kisha inarusha tena. Morse inabonyezwa na kuachiwa, na kati ya wito na wito unasikiliza. Betri ileile inayokuishia saa nne usiku kwa FT8 itakufikisha alfajiri kwa Morse. Kwa anayetegemea sola, mimi naliona hilo kuwa sababu kubwa kuliko desibeli.

Namna ya FT8 inayotumiwa na misafara, ambayo stesheni ya kisiwani inajibu watu hadi watano kwa mpigo, inaongeza idadi ya mawasiliano lakini inaigawanya nguvu ya kisiwa kwa hao watano, kwa hiyo usishangae ishara iliyokuwa nzuri dakika moja iliyopita ikififia ghafla. Hapo ungoje, huenda dakika inayofuata anawajibu wawili tu.

Morse inadai muda. Mimi ilinichukua miezi minne, dakika 20 kila jioni, hadi nikaweza kuipokea ishara ya wito kwa kasi inayotumiwa na misafara. Hakuna mkato ninaoujua. Lakini vifaa vyake ni ufunguo na sikio, haihitaji saa sahihi wala mtandao, na unamsikia mtu: kasi yake ikipungua usiku wa manane unajua amechoka, akirudia ishara yako kwa kukosea herufi moja unajua anapambana kukupata. Bouvet nilikipata kwa Morse, usiku wa tano, na herufi ya mwisho ya ishara yangu aliniuliza mara tatu.

Antena, na suala la ziwa

Wengi husoma kwamba nguzo ya wima iliyosimamishwa ufukweni hufanya maajabu, wakahitimisha kwamba Kigoma, yenye ufukwe, imepata bahati hiyo. Maajabu hayo ni ya maji ya chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno, na ndiyo maana wimbi huondoka chini kabisa, karibu na upeo wa macho, pembe inayofaa kwa safari ndefu. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, na upitishaji wake wa umeme ni sehemu ndogo sana ya ule wa bahari. Nilisimamisha nguzo ya mita tano, robo ya wimbi la mita 20, hatua chache kutoka majini, nikaisikiliza kwa wiki mbili nikiilinganisha na waya uliokuwa kilimani. Waya ulishinda karibu kila siku. Ukiwa na nguzo, itandazie nyaya za ardhini 16 au zaidi, na usilitegemee ziwa.

Waya wa nusu wimbi kwa mita 20 una urefu wa takribani mita 10, na ukiuinua mita 10 juu ya ardhi utatupa nguvu yake kwa pembe inayofaa. Unatupa ubavuni, si nchani. Kwa hiyo waya ulionyooshwa kutoka mashariki kwenda magharibi, ncha yake ya mashariki ikasogezwa kidogo kuelekea kusini, unaielekea Bouvet kwa ubavu mmoja na Urusi kwa ubavu wa pili. Antena ya kuzungushwa ni bora kuliko vyote hivi, lakini inataka mnara, na mnara unataka fedha ambayo mpwa wangu hana. Yeye ana mwembe. Miembe ya Tabora na ya Ujiji ni mirefu na imara, na kamba ya nailoni iliyorushwa kwa manati juu ya tawi haina gharama ya kutaja. Kabla ya kurusha, amwone mwenyekiti wa mtaa na kumwonyesha leseni. Waya unaoingia dirishani usiku, hasa katika mkoa wa mpakani kama huu wetu, huzua maswali ambayo ni vyema kuyajibu kabla hayajaulizwa.

Kigoma au Tabora

Tofauti kubwa kati ya miji hii miwili ni radi. Mashariki ya Kongo ni eneo lenye radi nyingi kuliko lolote barani Afrika, nasi tuko ukingoni mwake. Usiku wa masika, ukiwa umekaa kilimani na vipokea sauti masikioni, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, unaona mwanga umemulika nyuma ya milima ya ng'ambo na papo hapo masikioni inapasuka kama gunia linalochanwa. Ngurumo yenyewe haikufikii kamwe, ni mbali. Lakini herufi uliyokuwa unaingoja imeshapita. Misafara ya Bouvet na visiwa vingine vya kusini hufanyika Desemba hadi Machi, kiangazi cha huko, na hiyo ndiyo miezi yetu ya mvua. Tabora nayo ina radi, lakini iko mbali zaidi na chanzo hicho kikubwa, na usiku wake kwenye mita 40 na 30 una utulivu ambao Kigoma haina.

Dawa yake ni kupanda kwenye masafa ya juu, yaani yale yenye mita chache. Mpasuko wa radi hupungua kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo kwa Bouvet mimi siku hizi naanza alasiri kwenye mita 15 na 17, na usiku wa mita 30 nauacha uwe akiba. Lakini masafa hayo ya juu hutegemea nguvu ya jua, ambayo hupanda na kushuka kwa mizunguko. Mzunguko wa 25 wa jua, ulioanza Desemba 2019, ulitangazwa kufika kwenye kipindi cha kilele Oktoba 2024; kuanzia hapo masafa ya juu yataendelea kudhoofika mwaka hadi mwaka, ingawa sisi wa karibu na ikweta tutabaki nayo muda mrefu kuliko watu wa kaskazini. Ndiyo maana simshauri mpwa wangu kununua antena ya mita 10 sasa. Waya wa mita 20 na wa 17 utamfaa katika miaka yote ya jua.

Na radi ikikaribia, chomoa waya wa antena kwenye redio, uutoe nje ya nyumba. Usingoje kumaliza mawasiliano.

Kwa Kiritimati, Kigoma inaishinda Tabora. Jua linapochomoza kwetu, mnamo saa 1 asubuhi, huko linakaribia kuzama: kati ya mapambazuko yetu na machweo yao kuna takribani nusu saa. Jioni huwa kinyume chake, jua likizama kwetu mnamo saa 1, na huko likichomoza dakika ishirini na kitu baadaye. Katika mstari huo wa utusitusi unaoizunguka dunia, tabaka la chini la ayonosfia linalonyonya mawimbi linakuwa dhaifu na la juu bado lina nguvu, na mita 40 na 30 zinafunguka kwa safari ndefu. Tabora jua huchomoza kama dakika 13 kabla ya Kigoma, kwa hiyo pengo lake la asubuhi ni refu zaidi. Ishara ya huko, ikija, ina mtetemo wa pekee, kama inayopita majini, kwa kuwa inafika kwa njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nimemwambia mpwa wangu kwamba msafara wa T32, yaani wa Kiritimati, utakapotangazwa, apande treni aje Kigoma na ufunguo wake. Waya wa mita 30 nitakuwa nimeshaupandisha, na saa 12 na nusu asubuhi tutakuwa tumekaa tayari.